Dizeli ya trekta wakati wa baridi kali: nichague ipi, na kuna haja ya kuchanganya?

Mfugaji_mwenye_trekta (swali)

Waheshimiwa mafundi na wakulima wenzangu, naomba ushauri wenu kabla baridi haijashika.

Nina trekta ya zamani ya silinda nne, yenye pampu ya mafuta isiyo na kompyuta, ambayo majira ya baridi huitumia kwa kazi mbili tu: kuwapelekea ng'ombe marobota ya majani makavu na kuondoa theluji njiani. Hulala nje, chini ya paa lisilo na kuta, na mara nyingine hukaa siku tatu au nne bila kuguswa. Usiku wa baridi zaidi kipimajoto changu hushuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi.

Mwaka jana nilipatwa na shida ambayo sikuielewa. Nilikuwa nimechomeka hita ya injini tangu jioni, na asubuhi injini iliwaka bila taabu yoyote, ikanguruma vizuri kwa dakika tano hivi, lakini nilipoinua robota la kwanza ikaanza kuishiwa nguvu, ikakohoa na kuzimika. Nikaiwasha tena, ikashika kwa nusu dakika, ikazimika. Nilipofungua filta niliikuta imejaa kitu cheupe chenye utelezi, mfano wa mshumaa uliokandwa kwa vidole. Ng'ombe walikaa na njaa hadi alasiri, na jambo hilo lingali linanisumbua moyoni.

Nimewauliza watu watatu na kila mmoja ana lake. Wa kwanza anasema ninunue dizeli ya majira ya baridi na nisiongeze kitu chochote. Wa pili anasema nichanganye dizeli ya kawaida na mafuta ya taa. Wa tatu anasema chupa moja ya kiongezeo cha kuzuia kuganda inatosha. Katika tangi langu la akiba, ambalo hubeba lita 1,000, bado kuna lita 400 hivi nilizonunua wakati wa mavuno, nami nisingependa zipotee bure. Je, nifuate ushauri wa nani, na hizo lita 400 nizifanye nini?

Fundi_wa_dizeli

Ndugu yangu, pole kwa yaliyokupata. Ulichokiona kwenye filta ni nta, na haikuingia kutoka nje. Imo ndani ya dizeli tangu ilipotoka kiwandani, kwa sababu ni sehemu ya mafuta ghafi yenyewe. Wakati wa joto nta hiyo imeyeyuka na wala haionekani, na kwa kweli ina faida, kwa kuwa huwaka upesi ndani ya silinda na kuipa dizeli sifa ya kuwaka kwa mgandamizo. Baridi inapozidi, chembe za nta hujitenga na mafuta, kwanza kama ukungu mwepesi, kisha kama vipande vyembamba vinavyoshikamana na kuziba karatasi ya filta.

Tuanze na hita yako, kwa maana naona ndiyo iliyokupa matumaini ya bure. Hita ile hupasha maji yanayozunguka ndani ya injini, nayo husaidia sana wakati wa kuwasha, lakini haifiki kwenye tangi la mafuta, wala kwenye mpira unaotoka tangini, na filta nayo hupata joto kidogo mno. Injini yako iliwaka kwa kutumia mafuta machache yaliyokuwa tayari mbele ya filta. Ilipoanza kubeba mzigo ikahitaji mafuta mengi zaidi, filta iliyozibwa na nta ikashindwa kuyapitisha, na pampu ikabaki inavuta pasipo na kitu. Hiyo ndiyo sababu iliendelea kwa dakika tano badala ya kukataa tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wa mafuta. Muuzaji wako aweze kukupa vipimo viwili. Kimoja ni kiwango cha ukungu, yaani halijoto ambayo nta ya kwanza huanza kuonekana. Cha pili ni kiwango cha kuziba filta, yaani halijoto ambayo mafuta hushindwa kupita kwenye chujio maalumu la maabara, na hiki huwa chini kuliko kile cha kwanza. Kipo pia cha tatu, ambacho ni halijoto ambayo mafuta hugoma kabisa kutiririka, lakini hicho usikitegemee, kwa kuwa filta yako itakuwa imeziba mapema zaidi.

Barani Ulaya kiwango cha EN 590 hugawa dizeli ya maeneo yasiyo na baridi ya kupindukia katika madaraja sita, kuanzia A hadi F, ambayo viwango vyake vya kuziba filta huanzia nyuzi 5 juu ya sifuri na kuishia nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa maeneo ya baridi kali kuna madaraja mengine matano, kuanzia 0 hadi 4, ambayo huanzia nyuzi 20 chini ya sifuri na kufika nyuzi 44 chini ya sifuri. Nchini Marekani watu huzungumzia zaidi Namba 2, ambayo ndiyo dizeli ya kawaida, na Namba 1, ambayo ni nyepesi na inakaribiana na mafuta ya taa. Kiwango cha huko hakimfungi muuzaji kwa nambari moja ya ukungu, kwa hiyo mnunuzi hana budi kuuliza. Popote ulipo, neno "ya majira ya baridi" peke yake halitoshi, maana baridi ya mahali pamoja si baridi ya mahali pengine. Mwambie muuzaji akutajie nambari.

Kwa usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri, mimi ningechagua dizeli ambayo kiwango chake cha kuziba filta ni nyuzi 32 chini ya sifuri, yaani daraja la 2 kati ya yale ya baridi kali. Daraja la 1 huishia nyuzi 26, na tofauti ya nyuzi moja si kinga.

Kuhusu kiongezeo, yule mtu wa tatu hakusema uongo, ila aliacha nusu ya maneno. Kiongezeo cha kawaida hakiizuii nta kujitenga. Kazi yake ni kubadili umbo la chembe ili zibaki ndogo na kupenya kwenye filta. Kwa sababu hiyo ni lazima kitiwe wakati mafuta bado ni angavu na safi, juu ya kiwango cha ukungu, na yakorogeke vizuri. Ukikitia asubuhi baada ya mafuta kuganda, umechelewa. Isitoshe, dizeli moja hukipokea vyema na nyingine haikipokei, kwa hiyo usiitegemee chupa iigeuze dizeli ya kiangazi kuwa ya baridi kali.

Mkulima_mkongwe

Nakubaliana na fundi katika mengi, lakini naomba nimtetee yule wa pili, kwa kuwa nami nimechanganya mafuta ya taa kwenye trekta ya zamani kwa misimu mingi na haijaniangusha.

Jambo la kwanza ni kiasi. Watu humimina lita chache na kudhani wamemaliza kazi. Kwa makadirio, kila asilimia 10 ya mafuta mepesi unayoongeza huishusha halijoto ya kuziba filta kwa nyuzi 1 hadi 2 tu, hivyo asilimia 10 au 20 hazikusaidii kitu usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri. Mimi hufika nusu kwa nusu baridi inapokuwa ya kuua. Jambo la pili ni namna ya kuchanganya: mafuta yote mawili yawe bado hayajaanza ukungu, na uanze kumimina yale mepesi, kisha dizeli juu yake, kwa sababu dizeli ni nzito na inaposhuka hujichanganya yenyewe. Ukifanya kinyume, mafuta ya taa huelea juu, na injini hunywa dizeli tupu kutoka chini.

Gharama yake utaihisi kazini. Lita moja ya mafuta mepesi ina nishati pungufu kidogo, trekta huvuta kwa unyonge kiasi, na matumizi huongezeka. Pia mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli inavyofanya, kwa hiyo mimi hutia kiongezeo cha kulainisha kila ninapochanganya. Baridi ikipungua, mara moja narudi kwenye dizeli.

Haya yote ni kwa trekta ya aina yako na yangu. Kama una trekta mpya yenye mfumo wa sindano wa shinikizo kubwa na chujio la masizi kwenye bomba la moshi, usifuate maneno yangu. Mafuta ya taa ya kuwashia taa au kupasha nyumba joto yanaweza kuwa na salfa nyingi, wakati dizeli ya kisasa ya Ulaya hairuhusiwi kuzidi miligramu 10 za salfa kwa kilo, na ile ya Marekani sehemu 15 kwa milioni. Mfumo wa kusafisha moshi haustahimili salfa. Angalia vilevile sheria za kodi, maana nchi nyingi hutia rangi mafuta yasiyotozwa ushuru na huweka wazi ni chombo gani kinaruhusiwa kuyatumia.

Petroli usiithubutu hata kikombe. Vitabu vya zamani vya baadhi ya injini viliiruhusu, na bado kuna wanaoirudia habari hiyo. Mvuke wa dizeli hauwezi kushika moto mpaka mafuta yapate joto la nyuzi 50 na zaidi, lakini mvuke wa petroli hushika moto hata katika nyuzi 30 chini ya sifuri. Ukiichanganya umegeuza tangi la trekta kuwa kitu cha hatari kabisa.

Mfugaji_mwenye_trekta

Nawashukuru sana nyote wawili, nimesoma kila neno. Naomba niongeze maswali mawili. Muuzaji aliye karibu nami anasema dizeli yake ina bayodizeli ndani yake, yaani yale mafuta yanayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama. Je, hilo lina madhara wakati wa baridi? La pili, nitajuaje kama kilichoziba filta ni nta au ni barafu? Nakumbuka pia niliona matone ya maji chini ya kikombe cha filta.

Mtunza_bohari

Mimi kazi yangu ni kutunza matangi makubwa ya mafuta, kwa hiyo nitajibu kwa upande huo, na hapo hapo nitatofautiana kidogo na fundi.

Bayodizeli inategemea imetengenezwa kwa kitu gani. Ile safi ya soya huanza ukungu karibu na nyuzi sifuri. Ya mawese au ya mafuta ya wanyama inaweza kuanza ukungu ikiwa bado nyuzi 10 na zaidi juu ya sifuri, kama mafuta ya nazi yanavyoganda chupani hewa ikipoa kidogo tu. Kiasi kidogo kilichochanganywa na kiwanda, ambacho kwa EN 590 hakizidi asilimia 7, tayari kimehesabiwa katika kile kiwango cha kuziba filta, na hakina haja ya kukutia hofu. Mchanganyiko wa asilimia 20 ni jambo jingine, na kwa trekta inayolala nje nisingeutumia katika miezi ya baridi. Bayodizeli pia hunyonya maji zaidi kuliko dizeli, na hapo ndipo matone yako yanapoingia. Msidhani kwamba bayodizeli ni kitu kimoja na ile dizeli mpya inayotengenezwa kwa kuyapitisha mafuta ya mimea na taka kwenye hidrojeni. Hiyo imefanana na dizeli kikemia, huwaka vizuri sana, na kiwanda kinaweza kuitengeneza ifae hata nyuzi 30 chini ya sifuri. Ukiipata, na kitabu cha trekta yako kikairuhusu, ichukue.

Kutambua nta na barafu ni rahisi. Chukua kidogo cha hicho kilichokwama kwenye filta, kiweke ndani ya chupa ya kioo pamoja na dizeli kidogo, kisha uishike chupa ndani ya viganja vyako au uipeleke ndani ya nyumba. Kama ni nta, itayeyuka yote na mafuta yatarudi kuwa angavu. Kama ni barafu, utaona matone yakikusanyika na kutulia chini ya chupa, kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli na hayachanganyiki nayo. Naamini kwako vyote viwili vilikuwepo. Barafu haina dawa katika uchaguzi wa dizeli. Dawa yake ni kufungua kizibo cha chini cha kikombe na kumwaga maji kabla hayajaganda, na kulijaza tangi la trekta jioni baada ya kazi, ili isibaki nafasi kubwa ya hewa yenye unyevu inayogeuka matone usiku.

Sasa kuhusu tofauti yangu na fundi. Kipimo cha kuziba filta hufanywa maabara kwa muda mfupi, mafuta yakipozwa haraka. Trekta ya ndugu yetu husimama siku tatu au nne. Mafuta yanayokaa muda huo wote chini ya kiwango chake cha ukungu, hata kama bado hayajafika kiwango cha kuziba, huacha nta ishuke taratibu na kulala chini ya tangi, na bomba la kuvutia mafuta liko huko huko chini. Nimeyaona haya kwa macho yangu kwenye tangi la bohari: sampuli ya juu ilikuwa angavu kama maji, na ya chini ilikuwa nzito na nyeupe, ingawa mafuta yote yaliingia siku moja kutoka gari moja. Kwa chombo kinachofanya kazi kila siku kiwango cha kuziba filta kinatosha, kwa kuwa mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini hulipasha tangi joto na kulikoroga. Kwa chombo kinachosimama, mimi hutazama kiwango cha ukungu kwanza.

Katika yale madaraja ya baridi kali, daraja la 2 linaruhusiwa kuanza ukungu kwenye nyuzi 22 chini ya sifuri, na daraja la 3 kwenye nyuzi 28. Kwa usiku wa nyuzi 25, ningemwambia ndugu yetu atafute daraja la 3.

Fundi_wa_dizeli

Nimeipokea hoja ya mtunza bohari. Nilizoea trekta zinazofanya kazi kila siku, na siku hizo nne za kusimama sikuzipa uzito unaostahili. Kama daraja la 3 linapatikana, achukue hilo. Likikosekana, achukue la 2 na aiwashe trekta kila siku kwa muda wa kutosha mafuta yazunguke na yarudi tangini.

Nirudi kwenye zile lita 400, kwa kuwa hakuna aliyezijibu. Usizichanganye na dizeli mpya ya baridi kwa kutumaini kwamba mpya itaziokoa, maana matokeo yake ni lita nyingi zaidi za mafuta yasiyofaa usiku wa baridi kali. Zitumie sasa kwa kazi za vuli, na zitakazobaki zihamishie kwenye mapipa safi yaliyofungwa vizuri, uzitumie baridi ikiisha. Halafu safisha maji yaliyo chini ya tangi, ndipo uagize dizeli ya baridi.

Na hapa ndipo wengi hukosea: tangi likishajazwa mafuta mapya, mpira, filta na pampu bado vimejaa yale ya zamani. Badilisha filta, kisha ifanyishe trekta kazi kwa saa nzima siku hiyo hiyo, ndipo uwe na hakika kwamba mafuta ya baridi yamefika hadi kwenye nozeli. Weka filta nyingine mbili za akiba mahali penye joto.

Ikitokea imeganda pamoja na tahadhari zote, ivute ndani ya jengo lenye joto na uiache mpaka nta iyeyuke yenyewe, kisha ubadilishe filta. Zipo dawa za dharura zinazoyeyusha nta iliyokwisha kuganda, ni tofauti na kile kiongezeo cha kuzuia, na kibandiko chake husema hivyo waziwazi. Moto wa wazi usiukaribishe kabisa kwenye tangi wala mpira. Dawa ya etha ya kupuliza kwenye njia ya hewa haisaidii kitu kwenye mafuta yaliyoganda, na kwa injini yenye plagi za kupasha joto inaweza kulipuka mapema na kuvunja pistoni.

Mfugaji_mwenye_trekta

Mabwana, asanteni sana. Naomba niwape taarifa ya nilichokifanya tangu juzi.

Nilimpigia muuzaji wangu wa zamani nikamwuliza kiwango cha ukungu, akashindwa kunitajia. Wa pili alinisomea karatasi ya mzigo wake bila kusita: nyuzi 29 chini ya sifuri, na kiwango cha kuziba filta nyuzi 38. Nikamwomba kwanza chupa moja ya sampuli. Jana jioni niliiweka nje, juu ya ukuta, pamoja na chupa nyingine ya dizeli yangu ya wakati wa mavuno, na nyuma ya chupa zote mbili nikasimamisha kipande cha gazeti. Alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi 11 chini ya sifuri. Kupitia chupa ya muuzaji niliweza kusoma herufi ndogo kabisa za gazeti. Kupitia chupa yangu sikuona hata picha, na nilipoiinamisha, chini yake palisogea tabaka jeupe zito, lile lile nililolikuta kwenye filta mwaka jana.

Nimeagiza lita 600 za huyo wa pili. Zangu 400 naanza kuzihamishia kwenye mapipa kesho, na filta mbili za akiba ziko rafuni jikoni.

Swali langu la mwisho ni kwa mtunza bohari: baada ya kuzihamisha, niache tangi litulie kwa muda gani kabla ya kulimwaga maji ya chini?

Mtunza_bohari

Liache usiku mmoja, ndugu, na ufanye hivyo siku ambayo hewa iko juu ya nyuzi sifuri, ili maji yaweze kutoka. Fungua kizibo cha chini polepole, kinga kwa chupa ya kioo, na uendelee mpaka uone dizeli safi isiyo na mstari wa maji chini yake. Kisha ndipo uruhusu gari la mafuta liingie.